Kutoka Kutazama Anime Hadi Kuiandikia Tasnifu

Mwanafunzi anayependa anime na manga kwa kawaida anajua mengi kuliko anavyodhani. Anajua nani alichora nini, ni studio ipi iliyotengeneza msimu wa kwanza na ipi iliyopokea wa pili, na anaweza kueleza kwa nusu saa nzima kwa nini mhusika fulani aliusaliti ukoo wake. Anachohitaji bado ni swali. Mpenzi wa kazi hizi husema kwamba hii ni nzuri na ile mbaya. Mtafiti huuliza kazi imeundwaje, ilitokana na nini, na kwa ushahidi gani mtu mwingine ataweza kulikubali au kulikataa jibu lake. Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili aliye kidato cha mwisho, aliye chuoni, au aliyekwisha kuhitimu, ambaye anataka kufanya utafiti wa kweli juu ya kitu anachokipenda, akianzia pale alipo na kwa fedha kidogo aliyo nayo.

Kazi ya kwanza ni kufafanua maneno, na hapa Mswahili ana la kusema. Sisi tunalo neno letu la zamani Manga, lile la pilipili manga na la Wamanga waliokuja na majahazi kutoka Omani, lakini halina undugu na manga ya Kijapani, ambayo huandikwa kwa kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, mbili zenye maana ya michoro ya kupita, isiyofungwa na utaratibu. Katsushika Hokusai alilitumia jina hilo kwa vitabu vyake vya michoro vilivyoanza kutoka mwaka 1814, ambavyo havikuwa hadithi za picha kama tunazozijua leo. Anime nayo, kwa Mjapani, ni filamu yoyote ya uhuishaji, iwe ya Tokyo au ya Hollywood, ilhali nje ya Japani neno hilo limebanwa likawa na maana ya uhuishaji wa Kijapani pekee. Ukiandika sentensi moja tu inayosema utalitumia neno kwa maana ipi na kwa sababu gani, utakuwa umeanza kuandika kitaaluma.

Ukurasa mmoja, dakika moja

Chukua ukurasa mmoja wa manga unayoifahamu, uweke mezani pamoja na daftari, na uutazame kwa saa nzima. Hesabu visanduku vya picha vilivyomo. Andika ni kipi kikubwa kuliko vingine na kinabeba tukio gani. Ukurasa wa Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo jiulize kama mhusika anayekimbia anaelekea kule macho ya msomaji yanakokwenda au anakuja kinyume chake, na kama jambo hilo linabadilisha hisia ya kasi. Tazama nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku na kisanduku na useme ni muda gani umepita ndani yake. Tazama maneno ya sauti yaliyochorwa juu ya picha, unene wake na mwinamo wake. Andika haya yote bila kutumia hata mara moja maneno kama kali, tamu au ya kusisimua. Zoezi hili linachosha, na wengi huliacha baada ya dakika kumi, lakini sijui njia nyingine inayomfundisha mtu kwa haraka tofauti kati ya kusifu na kueleza.

Kwa anime, chagua dakika moja na uisimamishe kila picha inapobadilika. Utagundua mapema kwamba katika vipindi vingi vya runinga mdomo wa mhusika unacheza huku mwili wake wote umetulia, na kwamba picha moja ya mawingu imerudi mara tatu. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Uhuishaji wa runinga wa Kijapani mara nyingi hutumia michoro minane kwa sekunde, kila mmoja ukishikiliwa kwa fremu tatu. Mtazamaji wa kawaida anaweza kukuambia kwamba huo ni uvivu. Wewe uliza ulianzia wapi.

Ulianza kuwa desturi tarehe 1 Januari 1963, siku ilipoonyeshwa sehemu ya kwanza ya Tetsuwan Atomu, kipindi cha nusu saa kila wiki kilichotengenezwa na Mushi Production, studio ya Tezuka Osamu. Wachoraji walikuwa wachache, muda ulikuwa mfupi, na fedha iliyolipwa na runinga haikutosha gharama. Studio ikajifunza kuweka akiba ya michoro ya kutumiwa tena, kushikilia picha tuli, na kuhuisha mdomo peke yake. Pengo la fedha lilizibwa kwa njia nyingine: mdhamini alikuwa kampuni ya peremende ya Meiji Seika, na picha za Atomu za kubandika zikaingia ndani ya vifurushi vya chokoleti. Mushi ilifilisika mwaka 1973, lakini namna hiyo ya kutengeneza na kuuza ilibaki.

Kutoka kwenye mdomo unaocheza peke yake, basi, umefika kwenye historia ya uchumi. Marc Steinberg, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alifuata njia hiyo hasa na kuonyesha jinsi picha za kubandika za Atomu zilivyomfanya mhusika atoke kwenye skrini na kuishi katika bidhaa. Thomas Lamarre, katika kitabu cha mwaka 2009, alianza karibu na hapo hapo akaenda upande mwingine kabisa: aliuliza tabaka za picha zinapoteleza moja juu ya nyingine zinamfanya mtazamaji aione dunia kwa namna gani, tofauti na kamera inayopenya mbele. Walichokiona ni kimoja, lakini waliuliza maswali mawili yaliyowapeleka katika taaluma mbili.

Taaluma kwanza, mada baadaye

Anime na manga ni vitu vya kuchunguzwa. Havikupi mbinu ya kuvichunguza. Mbinu utaipata kwenye taaluma yenye historia yake, iwe fasihi, isimu, historia, sosholojia, elimu, sheria au sanaa, na katika vyuo vyetu vingi utasajiliwa chini ya mojawapo ya hizi. Usilione hilo kuwa kikwazo. Mhadhiri asiyewahi kutazama anime hata moja anaweza kukusimamia vizuri sana iwapo swali lako ni swali la taaluma yake.

Mwanafunzi wa elimu, kwa mfano, anaweza kuichukua Hadashi no Gen, manga ya Nakazawa Keiji, mtu aliyenusurika bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 akiwa na umri wa miaka sita, akaanza kuchapisha hadithi hiyo mwaka 1973 katika jarida la vijana. Mwezi Desemba 2012 bodi ya elimu ya mji wa Matsue ilizitaka shule zizuie wanafunzi kuichukua kwa uhuru maktabani kwa sababu ya picha zake za ukatili. Agosti 2013 agizo hilo likaondolewa baada ya malalamiko mengi. Mwaka 2023 mji wa Hiroshima wenyewe uliitoa kwenye vifaa vyake vya kufundishia amani. Nani anaamua mtoto aone nini juu ya vita, na kwa hoja zipi? Hilo ni swali la elimu, na nyaraka zake zipo.

Mwanaanthropolojia ataenda kukaa na watu. Ian Condry alikaa katika studio za Tokyo na kuhudhuria vikao vya waandishi na wachoraji kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 2013. Wewe si lazima usafiri. Afrika Mashariki ina desturi yake ya kuifanya filamu ya kigeni kuwa ya nyumbani: Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya wamejulikana kwa kuisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, wakiwapa wahusika majina mapya na utani wa mtaani. Ikiwa mtaani kwako anime inaonyeshwa kwenye kibanda na mtu anaisimulia, umekaa juu ya tasnifu. Rekodi maonyesho matano kwa ruhusa, linganisha anachosema msimuliaji na kilichosemwa kwenye Kijapani, na uandike anachokiacha, anachokiongeza na anachokigeuza.

Lakini upande ninaouona kuwa na utajiri mkubwa kuliko yote kwa msomi wa Kiswahili ni isimu na tafsiri, na ningependa kukaa hapo kidogo.

Manga imejaa maneno ya sauti, na mengi yake hayaigi sauti yoyote. Moyo unadunda doki doki, sawa, hiyo inasikika. Lakini kitu kinachometameta ni kira kira, na chumba kilicho kimya kabisa huandikwa shiin, herufi zikinyooshwa juu ya picha kana kwamba ukimya wenyewe una mlio. Mzungumzaji wa Kiingereza hutatizika hapa. Mswahili hashangai, kwa sababu anasema kimya jii, giza totoro, nyeupe pe, anguka pu, tulia tuli. Tanakali zetu za sauti zimekwisha kulifanya jambo hilohilo kwa karne nyingi: zinatoa sauti kwa rangi, kwa giza na kwa utulivu.

Tofauti, hata hivyo, ipo, na ndiyo inayozaa swali. Tanakali ya Kiswahili kwa kawaida hufuata neno lingine na kulitia nguvu; jii hukaa baada ya kimya, totoro hukaa baada ya giza. Shiin ya manga husimama peke yake, ikiwa imechorwa, bila kitenzi wala nomino. Je, mfasiri wa manga kwa Kiswahili anaweza kuandika jii tupu juu ya picha ya chumba kitupu na msomaji akaelewa, au ni lazima aandike kimya jii na hivyo kuujaza ukurasa maneno? Chukua kurasa kumi, tengeneza matoleo mawili ya kila ukurasa, waonyeshe wasomaji ishirini wa Mombasa, wa Morogoro au wa Bukavu, na uwaulize wanachokisikia. Kisha nenda maktabani ukatazame wachoraji wetu wenyewe walivyofanya: Juha Kalulu ya Edward Gitau iliyodumu miaka mingi katika Taifa Leo, na vibonzo vya jarida la Sani vya Tanzania, vina ushahidi wa kutosha juu ya namna sauti inavyochorwa kwa Kiswahili. Utafiti huu hauhitaji tiketi ya ndege wala Kijapani cha kiwango cha juu, na hautafanywa vizuri na mtu asiyezaliwa na Kiswahili.

Swali la pili la isimu ni lile la lugha ya wahusika. Kinsui Satoshi, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Osaka, alichapisha mwaka 2003 kitabu juu ya kile anachokiita yakuwarigo: usemi unaomtambulisha mhusika papo hapo ingawa hakuna mtu halisi anayesema hivyo. Mzee mwenye hekima katika manga hujiita washi na kumalizia sentensi kwa ja. Wazee wa Japani hawazungumzi vile. Sasa kumbuka Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya. Marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang, alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo, na watazamaji wa Kenya walimjua mhusika mara tu alipofungua kinywa. Kulinganisha lugha hizi mbili za kubuni, ya Kijapani na ya Kiswahili, ni mada ya uzamili iliyosimama sawasawa.

Kuipunguza mada

Mada ninayoiona mara nyingi kuliko zote katika mapendekezo ya wanafunzi ni athari za anime kwa maadili ya vijana, na karibu kila mara nashauri iachwe. Anime ni maelfu ya kazi zisizofanana. Vijana hawajaelezwa ni wa wapi wala wa umri gani. Maadili ni neno ambalo kila mtu huja na maana yake. Na athari ni kitu kigumu sana kupimwa, kwa sababu kijana huyohuyo anatazama pia mpira, tamthilia za Kituruki na video za muziki. Ipunguze. Badala ya vijana, useme wanachama wa klabu moja ya wapenzi wa anime katika chuo kimoja. Badala ya athari, uliza wanavyoeleza wenyewe kitu kimoja, tuseme wajibu kwa wazazi, wanapojadili kazi mbili ambazo wote wamezitazama. Mada imekuwa ndogo, na sasa inaweza kujibiwa ndani ya miezi sita.

Nina ushauri mmoja ambao wanafunzi huupokea kwa uchungu: kwa tasnifu yako ya kwanza, usichukue kazi unayoipenda kuliko zote. Chukua ya pili au ya tatu. Ile ya kwanza utaitetea pale unapopaswa kuichunguza, na utakasirika msimamizi akikuuliza jambo la haki. Vilevile jiepushe na sentensi zinazoanza na Wajapani huamini kwamba. Hadithi moja ya samurai haielezi taifa zima, kama vile filamu moja ya Bongo isivyoweza kumweleza kila Mtanzania.

Kama utahoji watu, uliza mapema chuoni kwako taratibu za maadili ya utafiti, hasa kwa wahojiwa walio chini ya miaka 18, ambao wazazi wao ni lazima waridhie. Nchini Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, na nchini Tanzania COSTECH ndiyo inayosimamia vibali. Idara yako itakuambia kama mradi wako unakihitaji.

Vyanzo, na nakala uliyo nayo mkononi

Mpenzi wa manga anaweza kuridhika na nakala yoyote, lakini mtafiti ni lazima ajue ameshika ipi. Hadithi nyingi hutoka kwanza kwenye jarida la kila wiki au kila mwezi, kisha hukusanywa kuwa kitabu, na mchoraji anaweza kurekebisha picha katikati. Tafsiri za zamani za Kiingereza zilikuwa zikigeuza kurasa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto, na matokeo yake mashujaa wakashika upanga kwa mkono wa kushoto. Mtu aliyeandika juu ya mkono wa mhusika bila kujua hilo aliandika bure. Tafsiri za mashabiki zinazozunguka mtandaoni zina tatizo hilo na lile la hakimiliki, na hazifai kuwa msingi wa tasnifu. Huduma ya Manga Plus, iliyoanzishwa na shirika la uchapishaji la Shueisha mwezi Januari 2019, hutoa kihalali sura za kwanza na za karibuni za hadithi nyingi bila malipo, na kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki hiyo ni nafuu kubwa.

Kwa maandiko ya kitaaluma, anza na jarida la Mechademia, lililoanza mwaka 2006 na kuchapishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Ndilo linaloonyesha vizuri zaidi upana wa fani hii kwa Kiingereza. Chama cha Japani cha masomo ya manga kiliundwa mwaka 2001, na makala nyingi za Kijapani, baadhi zikiwa na ikisiri za Kiingereza, hupatikana bure katika hazina ya J-STAGE. Frederik Schodt alitoa kitabu chake juu ya manga mwaka 1983, na Susan Napier chake juu ya anime mwaka 2001. Wasome hao wawili kwanza, kwa sababu karibu kila aliyekuja baadaye anakubaliana au anabishana nao. Kurasa zinazoandikwa na mashabiki zitumie kupata jina la sehemu au tarehe ya kuitafuta kwingine, lakini usizinukuu kama ushahidi.

Jambo dogo ambalo wasahihishaji hulitazama: kwa Kijapani jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo Tezuka ni ukoo na Osamu ni jina lake. Chagua utaratibu mmoja, ueleze ukurasa wa kwanza, na usiubadilishe.

Kijapani

Unaweza kuandika tasnifu ya shahada ya kwanza bila Kijapani, ukiwa mkweli juu ya mipaka yako. Kwa uzamili inakuwa vigumu, na kwa uzamivu haiwezekani. Habari njema ni kwamba matamshi hayatakusumbua: Kijapani kina irabu tano zilezile, a, i, u, e, o, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Angalia tu irabu ndefu, kwani obasan ni shangazi na obaasan ni bibi. Maandishi ndiyo kazi. Hiragana na katakana, zenye herufi za msingi 46 kila moja, mtu mwenye bidii huzimudu kwa mwezi. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136, na hizo zinataka miaka. Hapa manga yenyewe inasaidia, kwa sababu zile zilizoandikwa kwa ajili ya vijana huweka hiragana ndogo kando ya kila kanji kuonyesha inavyosomwa.

Taasisi ya Japan Foundation hutoa bure mtandaoni vitabu vya Irodori pamoja na sauti zake, na kozi za Marugoto. Vinatosha kukufikisha mahali pa kufanya mtihani wa umahiri wa Kijapani, JLPT, ambao una ngazi tano kuanzia N5, iliyo ya chini, hadi N1. Nairobi ni miongoni mwa vituo vya mtihani huo, ambao huko hufanywa mwezi Desemba. Lengo la busara kwa mtu anayetaka kusoma kwa Kijapani ni N2.

Usijifunze adabu kutoka kwa anime. Wahusika wa hadithi za mapigano hujiita ore na kuwaita wenzao omae au temee, na kumwita profesa wako omae ni sawa na kumwambia mzee wa watu "we!" mbele ya wajukuu wake. Lugha ya heshima, keigo, isomwe kwenye vitabu.

Chuo na ufadhili

Tenganisha kwanza kuchora na kuchunguza. Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kilianzisha mwaka 2006 kitivo cha manga, cha kwanza nchini Japani, na wengi huenda kule kujifunza ufundi. Oussouby Sacko, mzaliwa wa Mali, alikiongoza chuo hicho kuanzia 2018 hadi 2022, jambo ambalo Mwafrika anayefikiria kwenda Japani anafaa kulijua. Mwaka huohuo wa 2006, chuo kikishirikiana na mji wa Kyoto, lilifunguliwa jumba la makumbusho la kimataifa la manga ndani ya majengo ya shule ya msingi ya zamani, lenye vitu takribani 300,000, na sehemu yake ya utafiti ndiyo inayokuhusu wewe mchunguzi. Mjini Tokyo, Chuo Kikuu cha Meiji kina maktaba iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa jina la Yonezawa Yoshihiro, mmoja wa waanzilishi wa soko la machapisho ya mashabiki la Comiket, lililoanza Desemba 1975. Nje ya Japani, Jaqueline Berndt amekuwa akifundisha masomo ya manga katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Na usikisahau Chuo Kikuu cha Osaka, ambako Kiswahili hufundishwa kama somo kuu la shahada. Huko kuna watu wanaoweza kuisoma kazi yako juu ya jii na shiin kutoka pande zote mbili, na ningewaandikia wao kabla ya wengine.

Ufadhili mkuu ni ule wa serikali ya Japani unaojulikana kama MEXT, ambao hulipa ada, posho ya kila mwezi na nauli ya ndege. Kwa njia ya ubalozi, maombi hutangazwa katika nusu ya kwanza ya mwaka, huja mitihani ya lugha na usaili, na anayefaulu huondoka mwaka unaofuata. Kwa ngazi ya utafiti mwombaji awe chini ya miaka 35. Sharti linalowaangusha wengi ni kwamba fani unayoiomba iwe ileile uliyoisomea shahada ya kwanza au iliyo karibu nayo. Mhandisi anayependa anime hataweza kuomba kirahisi fasihi ya manga. Aliyesoma Kiswahili, isimu, historia au sosholojia ataweza. Kwa hiyo aliye kidato cha sita achague kozi yake akilijua hilo tangu sasa. Fomu ni za bure, na anayekuomba fedha ili akupatie nafasi hana uwezo wa kukupatia.

Pendekezo la utafiti na barua

Pendekezo zuri la kurasa mbili au tatu linasema swali katika sentensi moja, linaonyesha nani amelikaribia na ameishia wapi, linataja vyanzo kwa jina na mahali vilipo, linaeleza utafanya nini mwezi hadi mwezi, na linasema kwa nini kazi hiyo ifanyike kwenye chuo hicho. Mapenzi yako kwa anime yasichukue zaidi ya sentensi moja. Wanaosoma wanadhani tayari unaipenda. Wanataka kujua utafanya nini siku ya kwanza maktabani.

Kisha mwandikie profesa. Usimwandikie kabla hujasoma angalau makala moja yake, na katika barua taja jambo mahususi ndani ya makala hiyo ambalo swali lako linaliendeleza au linalitilia shaka. Barua isizidi maneno 300. Eleza wewe ni nani, ulisoma nini, kiwango chako cha Kijapani bila kukikuza, na kama unaomba ufadhili wa MEXT au mwingine. Ambatisha pendekezo, na pamoja nalo yale maelezo ya ukurasa mmoja uliyoyaandika kwa saa nzima, yakiwa yamesahihishwa na kupangwa vizuri, kwa sababu yanamwonyesha unavyotazama. Mwite kwa jina lake la ukoo likifuatiwa na sensei, kama sisi tunavyosema mwalimu. Asipojibu kwa wiki tatu, mwandikie mara moja zaidi kwa adabu ileile. Akiendelea kunyamaza, mwandikie mwingine, lakini kwanza soma makala yake.